Rili Namba 1964 Iliyozaliwa 1946

Mabibi na mabwana, wapenzi wa rili kuukuu za kuvulia samaki, vile vifaa vya kukunjia mshipi kwenye ufito, karibuni.

Tuanze na hii iliyo mezani. Ni rili ya Shakespeare, aina ya Marhoff, kazi ya kiwanda cha Kalamazoo, Michigan, Marekani. Kwenye bamba la ubavuni pamechongwa 1964, na pembeni yake Model GE. Anayeiuza ataitangaza kuwa rili ya mwaka 1964, na anayeinunua ataamini, kwa kuwa namba yenyewe inafanana na mwaka kama pacha. Kumbe 1964 ni namba ya katalogi tu. Mwaka umejificha kwenye zile herufi mbili.

Chukueni karatasi. Andikeni herufi kumi za mwanzo za alfabeti ya Kiingereza, mkiruka I: A, B, C, D, E, F, G, H, J, K. Sasa zihesabuni kutoka nyuma. K ni 1, J ni 2, H ni 3, G ni 4, F ni 5, E ni 6, D ni 7, C ni 8, B ni 9, na A inafunga hesabu ikiwa sufuri. GE basi ni 46: muundo wa mwaka 1946. Mkikuta HE, someni 1936. GA ni 1940, FK ni 1951, EE ni 1966. Kuna tahadhari moja hapa. Herufi hizo zinataja mwaka muundo ulipotolewa, na kiwanda kiliweza kuendelea kuzitumia miaka kadhaa bila kuzibadilisha. Kwa hiyo GE inakwambia rili haikutengenezwa kabla ya 1946. Siku yenyewe ilipotoka kiwandani haikwambii.

Pflueger wa Akron, Ohio, nao wametega mtego huohuo bila kukusudia. Rili yao iitwayo Akron ina namba 1893. Skilkast ni 1953. Supreme ni 1573, na angalau hiyo haimdanganyi mtu. Medalist, rili yao ya kurushia nzi bandia (chambo chenye umbo la mdudu), ina 1492, 1494, 1495 na 1498. Tunajua 1498 ndio mwaka Vasco da Gama alipovuka Bahari ya Hindi, ila hakuja na Medalist. Namba hizo za Medalist zinapanda pamoja na ukubwa: 1492 ina kipenyo cha inchi 2⅞, 1494 inchi 3¼, 1495 inchi 3⅝, na 1498 inchi 4 kamili. Mkiona nusu imebandikwa mwishoni, kama 1495½, kipenyo ni kilekile cha 1495, ila spuli, yaani kigurudumu kinachokunjiwa mshipi, imepanuliwa. Ukiagiza spuli ya 1495 ukaitia ndani ya 1495½, itazunguka vizuri tu, lakini itaacha nafasi pembeni, na mshipi mwembamba utapenya humo na kujisokota kwenye mhimili. Nusu ile ndogo ndiyo inayosahaulika zaidi kwenye matangazo ya mauzo. Mwulizeni muuzaji upana wa spuli kabla ya kutoa hela.

Kwa hiyo namba ya rili ni jina ambalo kiwanda kimempa mwanawe, na kila kiwanda kina desturi yake ya kutoa majina. Hakuna kamusi moja ya wote. Anayejua kusoma ABU ya Sweden akidhani atasoma Mitchell ya Ufaransa kwa kanuni zilezile atanunua rili yenye mkono wa kuzungushia upande wa kulia akitaka wa kushoto.

Tukae na Penn wa Marekani kidogo, kwa sababu rili zao za zamani ndizo nyingi na ndizo zinazochanganya kuliko zote. Penn ilianzishwa Philadelphia mwaka 1932, na Senator, rili yao ya samaki wakubwa wa baharini, ilitoka 1936. Kila Senator ina majina mawili kwa wakati mmoja: namba ya modeli, na ukubwa unaoandikwa kwa mkwaju na sufuri. 111 ni 2/0. 112 ni 3/0. 113 ni 4/0. Hapo mtu huanza kujiamini, akadhani 114 itakuwa 5/0. Hapana, 114 ni 6/0. 115 inaruka hadi 9/0, 116 ni 10/0, 117 ni 14/0 na 118 ni 16/0. Baadaye ikazaliwa 12/0, na kwa kuwa nafasi kati ya 116 na 117 haikuwepo, ikaitwa 116A. Namba za modeli zinapanda ngazi moja moja, na ukubwa unaruka unavyotaka. Anayeagiza kipuri kwa kusema tu Senator ya sita, akimaanisha 6/0, anaweza kuletewa cha 116 na mtu aliyesikia vibaya. Tajeni yote mawili: Penn 114, 6/0.

Ule mkwaju na sufuri ulikuwepo kabla ya Penn. Watengenezaji wa rili kubwa wa New York, akina vom Hofe, walikuwa wakiutumia zamani zaidi. Kwa mvuvi anayejua ndoana, unaeleweka upesi: 4/0 ni kubwa kuliko 2/0, sawa na ndoana. Ila msidhani 4/0 ya kiwanda kimoja ni sawa na 4/0 ya kingine. Ni daraja la ndani ya nyumba, kama namba za viatu ambazo kila fundi anakata kwa kalibu yake.

Sasa herufi za mwisho. Kwenye Senator, H ni gia za kasi zaidi. Wengi wanaisoma kama uzito, wakaacha kununua 114H wakidhani ni nzito kuliko 114. L ni wepesi, nayo inahusu spuli ya aluminiamu. W ni upana. Kwa hiyo 113HLW isomeni kutoka kushoto: mwili wa 4/0, gia za kasi, spuli nyepesi, tena pana. Ni rili moja yenye mambo manne, na kila herufi inabadilisha angalau kipuri kimoja ndani. Gia ya 113 na gia ya 113H hazibadilishani. Mtu akikwambia zote ni 4/0 tu, anasema kweli kuhusu ukubwa na anakosea kuhusu gia.

Kwenye vipuri Penn walifanya jambo la akili. Kila kipuri kina namba mbili zenye kistari katikati. Ya kwanza ni kazi ya kipuri, ya pili ni modeli kilikozaliwa. 5 ni gia kubwa, 6 ni washa ya breki (kisahani chembamba cha kubana), 13 ni pinioni, yaani gia ndogo, 29 ni spuli. Kwa hiyo 5-60 ni gia kubwa iliyoanzia kwenye namba 60, yaani Long Beach. 29-113 ni spuli ya Senator 4/0. Ukishaijua kanuni hiyo unasoma orodha ya vipuri kama unavyosoma mizani. Lakini angalieni neno kilikozaliwa. Washa 6-60 haikukaa kwenye Long Beach peke yake. Modeli nyingine ziliiazima, nayo ikabaki na jina la ukoo wake wa kwanza. Mtu akiona 6-60 kwenye orodha ya rili yake ambayo si 60, asidhani karani amekosea akaanza kutafuta kitu ambacho hakipo. Na gia kubwa ibadilisheni pamoja na pinioni yake. Meno ya zamani yaliyokwisha kulika yakikutana na meno mapya hupiga kelele wiki ya kwanza, na baadaye hula hata yale mapya.

Sasa tuhamie Mitchell, kazi ya Carpano & Pons wa Cluses, Ufaransa. Hizi ni rili za spuli isiyozunguka, zenye waya unaodaka mshipi. Mitchell 300 ndiyo inayojulikana kuliko zote, nayo mkono wake uko kushoto, kwa mvuvi anayeshika ufito kwa mkono wa kulia. 301 ni rili ileile, mkono umehamia kulia. 302 ni ya baharini, kubwa, na 303 ni pacha wake wa upande wa pili. 308 ni ndogo na nyepesi, 309 pacha wake. Na tarakimu ya kwanza ikiwa 4 badala ya 3, gia zimeongezwa kasi: 400 ni 300 ya kasi, 402 ni 302 ya kasi, 408 ni 308 ya kasi. Mwili ni uleule kwa jicho, na ndiyo maana watu hufungua 400 wakatia gia za 300 waliyoivunja, wakashangaa haifungiki. Spuli ndiyo inayohama bila shida kati ya 300 na 400, na kati ya 308 na 408.

Hapa kuna jambo ambalo likieleweka linaokoa pesa nyingi. Namba isiyogawanyika kwa mbili, kwa viwanda vingi, haimaanishi mkono wa kushoto. Inamaanisha kinyume cha kawaida ya aina ile ya rili. Rili za spuli isiyozunguka kwa kawaida huzungushwa kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo Mitchell 301 ina mkono kulia. Penn Spinfisher nazo vivyo hivyo: 704 kushoto, 705 kulia, 710 kushoto, 711 kulia. Lakini rili za spuli inayozunguka kwa kawaida huzungushwa kwa mkono wa kulia, kwa hiyo ABU Ambassadeur 5001C, yenye 1 mwishoni, mkono wake uko kushoto. Tarakimu ni ileile, ukweli umegeuka. Kabla ya kununua kwa kuangalia picha tu, jiulizeni kwanza rili hii ni ya aina gani, ndipo msome tarakimu ya mwisho.

Na kwa kuwa tumewataja ABU wa Svängsta, Sweden: Ambassadeur 5000 na 6000 mabamba yao ya ubavuni yana kipenyo kimoja. Tofauti iko katikati. 6000 ni pana, kwa hiyo spuli, nguzo za fremu, na ile skrubu ndefu inayokitembeza kipanga mshipi huku na huku vyote ni virefu zaidi. Vya ndani ya bamba vinahama kati ya hizo mbili, vya katikati havihami. 5500 na 6500 ni gia za kasi zaidi. C inaonyesha rili ya beringi.

Sehemu nzuri ya ABU iko chini. Geuzeni rili, tazameni mguu, pale unapokaa juu ya ufito. Rili za kuanzia miaka ya 1970 zina tarakimu sita zilizogongwa hapo: mbili za mwanzo ni mwaka, mbili za kati ni mwezi, mbili za mwisho ni toleo. 780403 ni Aprili 1978, toleo la tatu. Toleo si pambo. Kwenye karatasi ya vipuri ya ABU kuna kipuri kilekile chenye namba tofauti kwa matoleo tofauti, na anayeagiza beringi bila kutaja toleo huletewa ile yenye tundu tofauti na mhimili wake. Rili za kabla ya hapo zina namba ya mfululizo tu, msilazimishe mwaka utoke humo. Na kumbukeni mguu umefungwa kwa skrubu au ribiti. Unaweza kuwa umetoka kwenye rili nyingine. Rangi ya mguu ikiwa mpya kuliko ya bamba, au vichwa vya skrubu vikiwa vimechubuliwa na bisibisi, namba ya mguuni ni ushahidi wa mguu peke yake.

Rili za Ujerumani za D.A.M. Quick zinatupumzisha. 110, 220, 330, 550: namba kubwa, rili kubwa. Tungependa wote wangefanya hivyo.

Rudini nyuma zaidi sasa, kwenye rili za Marekani zilizochongwa 60, 80, 100 au 200 na neno yadi. Hapo ukubwa ni uwezo wa spuli, lakini wa mshipi wa wakati ule, na wala si wa dukani leo. Mara nyingi pembeni utakuta neno Quadruple, maana yake mkono ukizunguka mara moja spuli inazunguka mara nne. Rili za baharini za kizazi hicho zilihesabiwa kwa mshipi wa kitani, na mshipi wa kitani ulihesabiwa kwa nyuzi: kila uzi ulibeba takriban ratili 3 ukiwa umelowa. Mshipi wa nyuzi 9 ni wa ratili 27, karibu kilo 12. Wa nyuzi 24 ni ratili 72, karibu kilo 33. Wa nyuzi 39 ni ratili 117, kama kilo 53. Mkiona katalogi ya zamani inasema rili fulani inabeba yadi kadhaa za nyuzi 24, hayo ndiyo maelezo yake.

Kuhamisha uwezo kutoka mshipi mmoja hadi mwingine ni hesabu fupi. Urefu unaoingia unafuata kinyume cha unene wa mshipi uliozidishwa kwa wenyewe: unene ukipanda, urefu unashuka. Spuli inayochukua mita 300 za mshipi wa milimita 0.40, ukiweka wa milimita 0.50 itachukua 300 mara 0.40 mara 0.40, gawanya kwa 0.50 mara 0.50, yaani mita 192. Unene umeongezeka kwa robo, urefu umepungua zaidi ya theluthi. Ndiyo sababu mtu anayechagua rili kwa uzito wa mshipi peke yake hushangaa. Mishipi miwili ya ratili 30 inaweza kuwa na unene tofauti kabisa. Yadi moja ni mita 0.914.

Na kuna hatari ndani ya hesabu hiyo. Spuli za zamani za Bakelite na plastiki nyingine zilitengenezwa kwa ajili ya kitani. Nailoni inarefuka inapovutwa, na ikishafungwa kwenye spuli inataka kurudi urefu wake. Zungusha mizunguko mia kadhaa ya mshipi uliovutwa na samaki mkubwa, kila mzunguko unabana kidogo, jumla yake inasukuma kuta za spuli nje mpaka zinapasuka. Ufa mwembamba ukitoka kwenye tundu la mhimili kuelekea ukingoni, spuli hiyo ni ya kabati. Ukitaka kuvua na rili hiyo, tafuta spuli ya chuma ya modeli ileile, au weka kwanza tabaka nene la mshipi wa kitani chini, nailoni ikae juu yake.

Rili za kurushia nzi bandia za Uingereza ni nyepesi kwa msomaji. Hardy wa Alnwick walizipima kwa inchi za kipenyo cha bamba. Perfect, iliyopata hataza yake mwishoni mwa miaka ya 1880, utaikuta 2⅞, 3⅛, 3⅜, 3⅝, 3¾ na kuendelea. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo 3⅜ ni milimita 85.7 na 3⅝ ni milimita 92.1. Pimeni bamba, msipime spuli, mtakosa kidogo na kidogo hicho kinatosha kuwapeleka kwenye ukubwa wa jirani.

Namba ikiwa imefutika, au bamba limeng'arishwa na mtu mwenye haraka, kuna kazi ya mkono. Kalipa, kile kifaa chenye taya cha kupimia kipenyo, iwe ya plastiki au taya zake zifungwe karatasi, kwa sababu aluminiamu ya zamani na shaba iliyopakwa nikeli vinachubuka upesi. Pimeni kipenyo cha bamba, kipenyo cha ukuta wa spuli, upana wa ndani kati ya kuta mbili, urefu wa mhimili mwisho hadi mwisho, na urefu wa mguu. Kisha bandikeni kipande cha utepe kwenye ukingo wa spuli, zungusheni mkono mara 10 kamili, na mhesabu utepe umepita mara ngapi. Ukipita mara 36, uwiano ni 3.6 kwa 1. Kwenye rili ya spuli isiyozunguka hesabuni kichwa kinachobeba waya. Mara 10 ni bora kuliko mara 1, kwani kosa la robo mzunguko linagawanyika kwa kumi. Mkifungua, hesabuni meno ya gia kubwa na ya pinioni, mkigawanya mpate jibu lilelile. Majibu mawili yasipolingana, ndani kuna gia ya modeli nyingine.

Maandishi mengine yaliyogongwa husaidia kuweka mipaka. Tarehe ya hataza ni mwaka wa mapema kabisa, rili yaweza kuwa ya miaka 20 baadaye. Made in Occupied Japan iko kati ya 1945 na 1952. Made in West Germany haikuwepo kabla ya 1949, wala haikuandikwa baada ya 1990.

Mkiwa tayari kuagiza kipuri, tumeni mambo haya kwa mpangilio huu: jina la kiwanda, namba kamili pamoja na kila herufi na kila nusu, yaliyoandikwa mguuni, upande wa mkono, uwiano mliohesabu, na vile vipimo vya kalipa kwa milimita. Picha ziwe tatu, ubavu wenye mkono na ubavu usio na mkono, pamoja na ya mguu ukitazamwa kutoka chini. Na msisafishe mguu kwa brashi ya waya kabla ya kunakili tarakimu zake. Zimegongwa kwa kina cha unywele, na kutu ya kijani ndani yake ndiyo inayozifanya zisomeke.